Samaki Uliowachuna

Shamba la kahawa, Ruiru

Mke wangu Dama,

Kabla ya salamu, nenda jikoni. Wale samaki wadogo wakavu ulionitumia, kama kwako amebaki hata mmoja, mfukie mbali na kuku. Kisha kaa usome.

Mimi ni mzima. Wewe na watoto hamjambo? Safari hii nauliza kweli.

Furushi lilifika salama. Nilifurahi kuona umewakata vichwa na kuwachuna ngozi, weupe, nadhifu. Nilikuwa zamu kwenye mashine ya kuosha kahawa, basi Ouma, mtu wa Kisumu ninayekaa naye chumba kimoja, akapika akaanza kula. Niliporudi nilimkuta mlangoni anajipapasa midomo.

"Karisa, mdomo yangu imekufa," akasema. "Hata miguu sisikii. Hii samaki ya kwenu ni ya namna gani?"

Tulimbeba kwa magunia mpaka barabarani, lori likampeleka hospitali ya Thika. Anapumua, lakini kwa taabu.

Nikawapekua waliobaki. Mmoja alikuwa na ngozi kidogo mkiani, haina magamba, inakwaruza. Bunju, Dama, yule samaki wa sumu! Sikufichi, nilikasirika nikapiga sufuria teke. Halafu nikakumbuka: kwenu Kaloleni, mbali na bahari, samaki huwafikia wakiwa wamekwisha kaushwa, na mama, ambaye ndiye huwachagua siku zote, yuko kwa dada yangu anayeugua. Ulikwenda kuvua mwambani peke yako. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu.

Sasa sikiliza. Maji ya bahari yakitoka, kwenye vidimbwi, mkizi hukimbia kwa kundi, naye analiwa. Tafi ana miiba, itakuchoma, ila nyama yake haina neno. Bunju hana haraka. Hujifukia mchangani, ukimgusa anavimba tumbo, na meno yake ni kama mdomo wa kasuku. Usimchune samaki yeyote kabla hujamjua, maana akishachunwa wote ni sawa.

Niliomba ruhusa nije mwenyewe. Nyapara akanijibu, "Pasi ya kusafiri hakuna. Wewe hujui serikali imetangaza Hali ya Hatari?" Kwa hiyo nampa barua hii Kalume, jirani yetu, aliyemaliza mkataba; anapanda gari la moshi leo. Lakini kama uliwapikia watoto samaki hao, imechelewa.

Salamu zangu usizitoe kwa jumla. Mwite Kadzo, binti yetu mkubwa, umwambie baba anakusalimu. Akiitika, mwite Kahindi. Yule mdogo asiyejua kusema, mtekenye mpaka acheke. Wasikie kwa masikio yako, mmoja mmoja.

Kisha niandikie neno moja tu: wameitika.

Mumeo anayengoja,
Karisa