Tuliobaki Karakana

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mei Mosi. Miguu inaniuma. Tumetembea tangu saa mbili na fulana za njano zinazobana kwapa. Bango la karakana yetu ya reli lilikuwa na maneno mengi, sikuyamaliza kuyasoma.

Katikati ya maandamano Rafaeli kaninong'oneza: karakana inapunguzwa watu. Nikamwambia uzushi huo, tunausikia kila mwaka. Akasema wa safari hii una barua.

Rafaeli si mtu wa maneno. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja, mimi nakagua mabehewa, yeye anachomelea vyuma ninavyovikuta vimepasuka. Akisema kitu, kipo.

Jumatatu, 5 Mei

Ipo barua.

Bwana Yazid, mkuu wa karakana, katuita wote kwenye banda la magurudumu. Kijana yule, hajafika thelathini na tano, hunipa shikamoo kila asubuhi. Leo hakunipa. Kasoma macho yakiwa kwenye karatasi tu. Tuko mafundi arobaini na mmoja — watabaki kumi na wanne! Kazi nyingine watapewa wakandarasi, nyingine zitafanywa na "mfumo".

Nikauliza, huo mfumo una masikio? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Bi Chiku, hata mimi hii barua nimeletewa."

Majina Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo kila mtu ajaze fomu aeleze kazi yake.

Alhamisi, 8 Mei

Fomu ina mistari mitatu. Mitatu! Kwa miaka ishirini na mbili!

Nitaandikaje kwamba gurudumu zima ukiligonga kwa nyundo linalia mpaka mbali, na lenye ufa linakata sauti ghafla? Kwamba breki inayovuja naijua kabla sijainama? Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Mwisho nikaokota maneno ya semina: "ukaguzi wa usalama", "taarifa za kidijitali". Nimejionea aibu.

Rafaeli hapendi kalamu. Kanipa fomu yake nimjazie. Niandike nini?

"Andika nachomelea."

Basi?

"Basi, dada. Kazi yangu wanaijua."

Nikaandika hivyo hivyo. Mistari miwili ikabaki mitupu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimo. Namba tisa.

Rafaeli hayumo.

Nimesoma ile orodha mara nne ubaoni, pengine wamekosea kupanga. Hayumo. Wa kuchomelea kabaki mmoja tu, kijana wa mkataba aliyekuja mwaka jana, na huyo kahamishiwa Moshi. Kwa hiyo Tanga nzima hatuna!

Kitu kibaya ninachokiandika hapa kwa sababu hakuna atakayekisoma: nilipoliona jina langu nilifurahi. Kwanza nilifurahi. Ndipo nikamtafuta Rafaeli.

Alikuwa anakunja ovaroli lake, taratibu, mikono ndani, miguu ndani. Kaniambia, "Hongera, dada Chiku." Hana kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitaka kumwambia habari ya fomu, kwamba ningeweza kuijaza vizuri zaidi. Sikusema.

Nyumbani Makorora Mama kashachinja kuku, majirani walimpasha habari kabla yangu. Alhamdulillahi nyingi. Nimekula, nikaingia chumbani.

Jumatatu, 19 Mei

Tulikuwa wakaguzi sita. Sasa wawili, mimi na mzee Shekhe, na Shekhe kalala na presha. Kwa hiyo mmoja. Mabehewa ishirini na nne, mtu mmoja, na saa ya kuondoka haikusogezwa hata dakika.

Nimepewa tableti. Kila behewa lina picha, unagusa "salama" linakuja linalofuata, mwisho unasaini kwa kidole. Ukigusa "si salama" inakuuliza maswali kumi na mbili, na katikati ya maswali mtandao unakatika, unaanza upya. Nani aliyebuni kitu hiki? Amewahi kuliona behewa?

Saa nane nilijikuta nimegusa "salama" mara tatu kwa behewa moja tu nililoliangalia. Nikarudi mbio kuyaangalia yale mengine. Yalikuwa mazima.

Alhamisi, 22 Mei

Behewa la kumi na saba, la saruji. Ufa kwenye fremu ya bogi, chuma kinachobeba magurudumu, kwa ndani, karibu na springi. Urefu wa kidole changu cha kati. Nimeusugua kwa brashi ya waya nikidhani ni mkwaruzo. Ufa.

Jibu la ofisini: mkandarasi atakuja baada ya wiki mbili. Treni inaondoka Jumamosi.

Nikapanda bodaboda hadi Pongwe kwa Rafaeli. Kafungua kibanda kando ya barabara, anachomelea mageti na madirisha. Karibu, dada, kiti hicho. Nikamweleza ufa ulipo. Akauliza unaelekea wapi, juu au pembeni. Nikamwonyesha kwa chaki sakafuni. Akainama kuupima kwa kidole.

"Huo hauchomelewi juu juu. Lazima bogi litolewe, ufa uchimbwe, chuma kipashwe moto kwanza. Siku nzima hiyo."

Basi twende.

"Nije kama nani?"

Nikaifuta ile chaki kwa kiatu.

"Nikishika chuma kile na kesho kikavunjika, watauliza aliyekishika ni nani. Sina kitambulisho, sina jina pale. Wao waniandikie barua, hata ya siku moja, nitakuja kwa miguu. Wewe usiniombe, dada. Wewe si wao."

Kasema maneno mengi leo kuliko mwaka mzima. Nilishindwa kumkasirikia. Njia nzima nilikuwa nawakasirikia watu nisiowajua hata sura.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemwomba Bwana Yazid hiyo barua ya siku moja. Kapiga simu mbele yangu. Kajibiwa, nimesikia mwenyewe: aliyepunguzwa haruhusiwi kuingia. Nikasema basi behewa likatwe kwenye treni, libaki. Akasema likatwe vipi, mzigo una mwenyewe na injini ya kupangia mabehewa ni mbovu.

"Bi Chiku, mama yangu, liwekee saini liende polepole. Mwezi wa tisa kuna orodha nyingine. Wakiona treni zinalala Tanga, watafunga karakana yote."

Alikuwa anasema kweli. Macho yake mekundu, halali huyu. Nikamwambia sisaini.

Kaniambia nikapumzike, nifikiri.

Nimeshafikiri! Tangu lini nimeacha kufikiri?

Jumamosi, 24 Mei

Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa kwenye benchi la karakana, nikikaa bure nitalia.

Sikusaini. Nimeandika kwa kalamu kwenye karatasi, behewa la kumi na saba lisiondoke, jina langu, tarehe. Tableti nimeiacha mezani kwa Bwana Yazid. Hakunifokea. Kasema tu, "Sawa." Kisha akachukua ufunguo wa gari akatoka.

Treni imeunganishwa, injini inanguruma. Dereva, Tadeo, kashuka kaja kwangu. Naondoka au siondoki, mama? Nikamwambia mimi sijakuruhusu. Akauliza na mwingine akiruhusu? Kasimama hapa nje anavuta sigara, hajapanda tena.

Gari limerudi. Bwana Yazid kamleta mzee Shekhe kutoka kitandani! Kavaa kikoi na koti la kazi juu yake. Yeye ndiye mkaguzi mwingine, saini yake inatosha. Nimemwamkia, kaitikia marahaba bila kunitazama. Yumo kwenye orodha ya kumi na wanne, na miezi saba tu imembakia kustaafu.

Bwana Yazid alimwonyesha pa kugusa kwenye tableti, asihangaike kutembea, agusie hapo hapo kivulini. Mzee akaomba nyundo.

Anatembea sasa, gurudumu kwa gurudumu. Anachoka, anashika behewa, anaendelea. Nahesabu kwa sikio. La kumi na nne. La kumi na tano, anapumua. La kumi na sita.

Kimya.

Nimesimama niweze kuona. Kaipachika tableti kwapani, kapiga magoti kwenye kokoto, kichwa kakiingiza chini ya behewa. Bwana Yazid anamwita. Tadeo kaitupa sigara.

Mkono wa mzee unapapasa chuma, pale pale karibu na springi. Bado yuko chini pale.