Mama Mkwe Aliyekuja na Chakula Chake

Mama,

Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka mlangoni pa duka. Msikiti siuoni. Sauti za watu zinapita barabarani bila watu wenyewe. Asubuhi za namna hii huwa naamini umetoka kidogo tu, umekwenda sokoni kuchukua mboga za saga, na utarudi ukilalamikia matope.

Tangu ulipotuacha masika yale, Baba anafungua duka kama kawaida. Anapima vitambaa, anakata, anakunja. Ila kwenye kiti chako amepanga majora ya leso ili asikalie mtu. Wateja wakiuliza kama kuna kiti, anasema hakuna.

Nami nakuota. Huniambii kitu. Unapepeta wimbi, makapi yanaruka, nami nasimama nyuma yako nikisubiri ugeuke. Hugeuki. Naamka kabla.

Nakuandikia kwa sababu lile jambo letu limefika mwisho wake. Unamkumbuka Idrissa, yule daktari wa mifugo niliyesoma naye Nairobi, aliyetoka Niger. Ulizungumza naye kwenye simu ukacheka Kiswahili chake, ukaniambia, "Mlete nimwone anavyokula." Hukumwona. Wewe ndiwe ungemweleza Baba. Ikabidi nimweleze mimi.

Baba hakupaza sauti. Unamjua. Aliweka makasi chini, akasema, "Rehema, mwanangu. Huko ni jangwa na vita. Kila nikiwasha taarifa ya habari naona mchanga, bunduki, na watoto wenye mbavu. Nikupeleke huko na mama yako amelala hapo makaburini? Atanionaje?"

Hata mimi, Mama, nilipofumba macho kuifikiria Zinder, mji wa kwao, niliona mchanga tu. Nilimjua mtu mmoja kutoka nchi nzima, na kuzunguka pale alipo yeye kulikuwa kweupe, kama karatasi.

Idrissa alikuja mwenyewe. Akaketi dukani kwa adabu, akanywa chai, akajibu kila swali. Hakuficha. Alisema zipo barabara za kwao ambazo siku hizi hazipitiki, na zipo ambazo mama yake huzipita kila wiki kwenda sokoni. Baba alimsikiliza kwa uso ule wa kumsikiliza mteja ambaye hatamuuzia. Mwisho Idrissa akasema, "Hata mama yangu amekataa, mzee. Ameambiwa Kenya ni simba na njaa. Anauliza nitakula nini kwa wakwe."

Alicheka. Baba hakucheka.

"Njaa?" Baba akauliza. "Kisii? Kisii hii, ukidondosha mbegu njiani kesho inakusalimia? Mwambie mama yako aje. Aje aone kwa macho yake."

Hivyo ndivyo Hajiya Salamatu alivyokuja, Mama. Maneno yote niliyomlilia Baba hayakufanya kitu. Kilichomgeuza ni kule kusikia eti sisi tuna njaa.

Mwanamke mrefu, mwenye nguo ya samawati pana kama pazia, anayetembea kana kwamba hana haraka na lolote duniani. Alikuja na mabegi mazito. Tulipoyapokea, Idrissa akatazama chini kwa aibu: mlikuwa na unga wa uwele, vitunguu vilivyokaushwa, na nyama ya viungo iliyoanikwa mpaka ikawa nyembamba kama jani. Alikuwa amejiletea chakula cha safari nzima, na akiba ya mwanawe.

Baba aliyatazama yale mabegi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho twende Ikonge."

Tulikodi gari, tukapanda kwa njia ya Nyamira. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na vilima vilikuwa vinatoa moshi. Migomba, kisha chai, kisha migomba tena, na nyumba zikichungulia katikati. Hajiya aliteremsha kioo akatoa mkono nje. Tulipofika kwa Magokoro, kwa mama yako, hakuingia ndani. Alitembea moja kwa moja mpaka shambani, akasimama katikati ya chai, majani yakimfika kiunoni, akayagusa kwa viganja viwili. Aliuliza kitu kwa Kihausa. Idrissa akatafsiri: "Anauliza nani anamwagilia maji yote haya."

Baba akamwonyesha juu kwa kidole.

Hapo hapo, kana kwamba mbingu zilimsikia, mvua ya mawe ikaanza. Unaijua mvua ya mawe ya Ikonge, haibishi hodi. Sote tulikimbilia barazani isipokuwa yeye. Alikinga ukingo wa nguo yake, barafu zikamjaa, akatujia polepole akiwa amezibeba kama mayai. Magokoro alicheka mpaka akashika ukuta. Mama, tangu mazishi yako sikuwa nimemsikia akicheka.

Tuliketi jikoni karibu na moto. Magokoro alisonga ugali wa wimbi, akapika saga kwa maziwa, kama ulivyokuwa ukipika. Hajiya akaenda kwenye begi, akarudi na unga wake wa uwele, akauweka mbele ya Magokoro. Magokoro akanitazama. "Huyu mama anafikiri sisi iko na njaa?" Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia ungani. Akausugua kwa kidole, akaunusa, akaonja. Akasema kwa Kigusii kwamba ni ndugu yake wimbi, ila huyu amekulia juani.

Kisha wale wazee wakaanza mchezo ambao siwezi kukueleza vizuri, kwa sababu nilikuwa kama niko usingizini, moshi ukinitoa machozi. Hajiya alijigusa kifua: "Mutum." Mtu, akasema Baba. Omonto, akasema Magokoro. Hajiya: "Duniya." Dunia! Baba akaruka kidogo kwenye kigoda. "Labari." Habari! Alikuwa anacheka, Mama, baba yangu, kama kijana aliyeokota kitu chake kwenye nyumba ya mtu asiyemjua.

Hajiya akatusimulia kwao. Nyumba za udongo zilizochorwa maua kutani, mafundi wa ngozi, misafara ya ngamia ambayo babu yake aliipokea, na redio ya jirani inayopiga kelele kama redio zote. Akasema mvua ya kwanza ikishanyesha, uwele huota mpaka macho yanachoka na kijani.

"Kijani?" Baba akauliza. "Huko?"

"Huko," Idrissa akajibu.

Baba akasukuma kuni motoni. Halafu akasema taratibu, "Lakini ni mbali." Sasa haikuwa hasira tena. Ilikuwa huzuni tu.

Magokoro ndiye aliyemjibu, na ndiyo sababu hasa nimeshika kalamu. Alisema, "Hata mji wa Kisii ulikuwa mbali siku ile ulipokuja kumchukua Kerubo wangu. Watu wa msikitini, wenye babu waliotoka Sudani. Nilidhani mtamfungia ndani. Nililala nje ya mlango wake nisimwachie atoke." Akageuza ugali. "Akaniruka, akaenda. Na kila Jumamosi akaja kunionyesha kwamba bado ni mzima."

Hukuwahi kuniambia, Mama. Kwamba ulimruka.

Tuliporudi mjini, Hajiya aliomba kupelekwa kwako. Nyasi zimekua juu yako, laini. Alisimama na Baba, wakakuombea kwa dua ile ile, kwa sauti mbili zilizokua mbali mbali, wala neno moja halikupishana. Baba alilia hapo kwa mara ya kwanza. Aliporudi kwenye gari alisema tu, "Mwambieni imamu."

Tumefunga ndoa. Kesho ninasafiri. Baba bado anasikiliza habari, na kila ikitajwa Niger, hata iwe kona ipi, ananiita nieleze kama ni karibu na Zinder. Wakati mwingine ni karibu. Ninaogopa, sitakudanganya. Magokoro hataki kunisindikiza. Amesema waliosindikizwa ndio wasiorudi.

Najua huko nako wataniuliza kuhusu simba. Nitawajibu bila kuchoka. Nitawaambia juu ya Ikonge, na juu ya binti aliyemruka mama yake mlangoni. Mengine ya kwao nitayanyamazia mpaka niyaone.

Buriani, Mama. Sitakuja kila Jumamosi kama ulivyokwenda wewe. Lakini Mungu akinipa mtoto, nitamleta asimame hapo kwenye nyasi zako akuamkie kwa lugha yoyote atakayokuwa nayo mdomoni siku hiyo. Mgeukie.

Mwanao,
Rehema