Karatasi ya Mlangoni

Mjukuu wangu Hawa,

Salamu kutoka Kinanira. Mama yako hajambo, ila kifua changu kinazidi kunibana, kwa hiyo naandika upesi.

Umeniuliza: "Babu, mi nimekuwekea yote mu telefone. Karatasi ya mulangoni ya nini?" Juzi mtandao ulikatika, orodha ya dawa zangu ikakataa kufunguka. Jirani aliisoma kwenye karatasi ya mlangoni. Lakini hofu yangu ni ya zamani.

Nilipokuwa kijana, baba alinikabidhi karatasi zote za nyumbani, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nikazifungia sandukuni, nikaenda masomoni Gitega na ufunguo mfukoni. Dada yangu Mariamu akashikwa na homa. Muuguzi akauliza, "Kuna sindano inamuzuru?" Mama akajibu, "Kaka yake ndiye anajua." Akadungwa penisilini.

Niliporudi kwa mazishi yake nilifungua sanduku. Kadi yake ya zahanati ilisema wazi asidungwe penisilini. Niliichana, nikamwambia baba haikuandikwa kitu. Baba alikufa akiamini hivyo. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Sasa kila nikipita mlangoni naigusa karatasi, nihakikishe haijabanduka. Nimeandika majina yetu sote, makundi yetu ya damu, na dawa zinazotudhuru. Mbele ya jina lako pako wazi, kwa sababu sijui, na miaka yote niliona haya kuuliza. Nijibu upesi, mkono wangu ungali unaweza kuandika.

Babu yako,
Saidi