Baba Hataki Meza Isiyokunjika

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijashika msumeno nikaharibu mbao nzuri. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, fundi seremala, na karakanani wananiita Bi Randa kwa sababu hata chai nakunywa randa ikiwa mkononi. Wazazi wangu walihamia nchi hii mimi nikiwa mgongoni, wakasema ni miaka miwili tu halafu tunarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kwetu hakijaingia kitu kisichokunjika, viti vinakunjika, kitanda cha mdogo wangu kinakunjika, meza ya chakula hatuna kabisa, tunakula sahani zikiwa mapajani na mchuzi unaijua njia ya kapeti, na mabegi yako juu ya kabati yamefungwa kamba, maana baba, ambaye ni fundi wa mafriji na hakosi kazi, husema msafiri hanunui kisichobebeka. Miaka ishirini na mitatu, mshauri!

Sasa nimefuzu, na kazi yangu ya kwanza ya peke yangu nikatengeneza meza ya watu wanane, mbao ngumu, miguu minene, nikaipiga msasa na vanishi mpaka nikaiona pua yangu ndani yake, nikacheka peke yangu kwa furaha, nikamwita baba aje aione. Akaizunguka mara mbili, akaipapasa, akasema, "Nzuri. Siku ya kurudi ataibeba nani?" Akaondoka. Kesho yake akaja mama na utepe wake wa kupimia nguo, akapima huku na huku, akaninong'oneza, "Usimwambie baba yako, lakini sebuleni inaenea."

Bosi anataka nafasi yake karakanani, mteja mmoja anaitamani meza, na mimi nawaza niikate katikati niitie bawaba ikunjike, baba aridhike. Tena naandika kwa aibu: nilipokwenda likizo kule wazazi wanakokuita nyumbani, mabinamu walinipenda mno lakini waliniita mgeni mpaka siku naondoka, na huku kila mtu mpya huniuliza kwenu wapi, basi naogopa nikiipeleka meza nitakuwa nimemwambia baba kwamba harudi tena. Niiuze, niikate, au niipeleke?

Bi Randa

Bi Randa, marahaba. Weka msumeno chini kwanza, ndipo tuongee.

Nimecheka na mchuzi wenu, nikakuonea huruma, na sasa nitakugombeza. Meza uliyoitengeneza kwa furaha unataka kuitia bawaba kwa woga? Kwa kosa gani? Baba yako alisema nzuri. Aliizunguka mara mbili. Mtu asiyetaka kitu haulizi kitabebwa na nani, hukipita tu.

Unaogopa kumwambia harudi. Mwanangu, hajarudi miaka yote hiyo na hapakuwa na meza ya kumzuia. Kilichomweka ni kazi, ni shule zenu, ni nyinyi. Hamu ya kwao ni haki yake, kwa hiyo mabegi yaache palepale na usiyafanyie mzaha. Lakini mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mmelima na kuvuna, bado mnakula mmejikunyata kama mnasubiri basi! Na wewe usijifiche nyuma ya mzazi, hilo swali la kwenu wapi ni lako pia. Kupendwa sehemu mbili si upungufu. Wapigie simu hao mabinamu, waambie sasa una pa kuwakalisha.

Fanya hivi. Jumamosi usimwombe baba ruhusa, mwombe mkono. Mwambie, "Baba, ni nzito, nishikie upande huu." Mtu aliyezoea kuhamisha mafriji hawezi kukaa kimya mlangoni. Atakwambia unaipindisha vibaya, atakufokea, atataka kushika pembe yako. Mwache afoke, maana hapo ndipo meza inapokuwa yake. Mkishaitua, kabla hajapata pumzi, mjibu swali lake: "Siku ya kurudi tutaibeba mimi na wewe, kama leo." Kisha nyamaza, mama apakue.

Mteja akitaka yake, aweke oda.