Kiti changu kimetolewa kwenye gari

Houda, acha kupika kwanza, usome.

Tajudini ametoa kiti changu kwenye gari ya marehemu babu yake. Kiti changu, Houda, kile cha kuume kwa dereva. Nimekikuta chini uani, kando ya ndoo ya mafuta machafu.

Unaijua ile gari ndogo nyekundu ya mbio, imelala tangu mzee afariki. Wiki hii Tajudini alinunua mipira mipya ya maji na ya mafuta, maana ya zamani ilikuwa imepasukapasuka. Akaniuliza, "Bibi, niitolee na vitu visivyo na kazi, ikuwe nyepesi?" Nikasema toa, mjukuu wangu. Mi mwenyewe nilisema toa.

Leo nikamuuliza, hata kiti? Akasema, "Lakini Bibi, hiki hakikaliwi na mutu."

Hakikaliwi na mutu. Alisema taratibu, bila ubaya wowote.

Ana moyo mwema. Aliponiona nimeinama kukitazama, alikipangusa kwa shati lake mwenyewe, akakibeba mpaka barazani. "Nikirudishe, Bibi?" Nikasema apana, acha gari iende mbio. Nimemudanganya, Houda.

Ameondoka kuijaribu kwenye barabara ya Ruziba, peke yake. Mi nimekaa kwenye kiti, nakuandikia. Sasa hivi nimeona kwamba magoti yangu nimeyabana upande wa kuume, ili mkono wa mzee upate nafasi ya kubadilisha gia.