Utomvu wa Msonobari Mgongoni mwa Baba Yenu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Baba yenu yuko chumbani, amelala kifudifudi. Msimcheke mbele yake.

Jana alirudi kutoka karakana na kopo la utomvu wa msonobari. Eti fundi mwenzake kamwambia unatibu mgongo, kifua, hata hasira za mke. Nikamwambia nenda hospitali. Akanijibu miaka ishirini anaranda mbao hizo, atashindwaje kuijua dawa yake? Basi leo asubuhi kauyeyusha kwenye sufuria yangu ya maziwa, kajipaka mgongo mzima, kisha kaegemea kochi asikilize habari. Habari zimeisha, kunyanyuka hawezi! Nimekata kitambaa cha kochi kwa mkasi. Kipande bado anacho mgongoni.

Dada mkubwa, mpake mafuta ya kupikia, taratibu, mpaka kibanduke. Sufuria msiioshe, huo ni ushahidi.

~~Kopo nimelitupa jalalani.~~ Kopo ninalo kwenye mkoba. Goti linanisumbua tangu juzi, na leo nashinda dukani. Akiuliza, mwambieni nimelitupa.

Ikifika jioni sijarudi, njooni dukani na mafuta yaliyobaki.

Mama yenu