Mnoko na Milango ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaleta programu mpya ya kukagua ramani za mchezo wetu wa kompyuta. Mpaka jana kazi hiyo ilikuwa yangu na vidole vyangu: namtembeza shujaa kijiji kwa kijiji, pango kwa pango, namgongesha kila ukuta nione kama anapita pasipopitika. Sasa nabonyeza kitufe, programu inatembea yenyewe. Chai haijapoa, ripoti imetoka. Makosa mia mbili na ushee. Nimeibandika jina Mnoko.

Ijumaa anakuja mgeni kuujaribu mchezo. Akiupenda, anasaini mkataba. Asipoupenda, ofisi inafungwa mwisho wa mwezi na kila mtu ashike njia yake. Bosi anataka ripoti yenye sifuri. Kasema kwa upole, ndiyo maana nimeogopa.

Jumanne, 4 Machi

Karibu makosa yote ni ya ramani za wifi yangu — mchoraji wetu, dada wa mume wangu, na ndiye aliyeniingiza kazini, jambo ambalo siruhusiwi kulisahau. Mnoko analalamika: chumba hiki hakina njia ya kutoka, chumba kile hakina njia ya kutoka. Nimekwenda kuangalia. Njia zipo! Ni milango ya siri. Unasukuma kabati, ukuta unafunguka. Mnoko hajui kusukuma kabati.

Nikampelekea wifi ripoti, kwa nia njema kabisa. Akasoma ukurasa mmoja, akavua miwani. Akaniuliza tangu lini milango yake imekuwa makosa. Nikamwambia si mimi, ni programu. Akasema programu haijawahi kula kwake. Nikarudi mezani kwangu na ripoti yangu.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaninunia. Salamu ananipitishia kwa mhasibu. Anachora ghala jipya chini ya ngome, mgongo kanipa mimi. Nyumbani nako mume wangu keshapigiwa simu. Anasema tugombane huko huko kazini, yeye hayumo. Sawa, hayumo. Mbona anacheka?

Alhamisi, 6 Machi

Nimechoka kununiwa. Kuna mahali pa kumwambia Mnoko apuuze aina fulani ya kosa. Nimechagua ramani zote za wifi, nikaweka alama kwenye "hakuna njia ya kutoka". Puuza. Machache yaliyobaki — mti ulioota juu ya paa, mbuzi anayetembea juu ya maji — nimeyarekebisha mwenyewe. Sifuri.

Bosi kaishika ripoti kama cheti cha mtoto wake. Wifi kaniletea chai kwa mkono wake, akaniita wifi yangu kipenzi mbele ya mhasibu. Amani ina raha yake jamani. Sijui kwa nini sikufanya hivi tangu Jumanne.

Ijumaa, 7 Machi

Mgeni kaja. Mama wa makamo, mpole, hana makuu — ila akishika mchezo haachii. Naandika hapa hapa mezani, najifanya naandika maoni yake.

Mambo yameharibika. Shujaa wake alikuwa anateremka kwenye lile ghala jipya, wifi akaniinamia sikioni. Anauliza mlango wa kutokea nimeuweka upande gani. Mlango gani? Yeye hakuuchora. Aliuacha makusudi aumalizie mwisho, maana alijua Mnoko atamkumbusha. Ripoti ilipotoka sifuri, akadhani nimemwekea mimi. Kwa hisani.

Mlango wa kuingilia umejifunga nyuma ya shujaa. Wifi anaweza kuchora njia sasa hivi, lakini lazima mchezo uzimwe uanze upya. Nikamkonyeza bosi amsimamishe mgeni, sababu haijui. Bosi kampendekezea mgeni apumzike kidogo, anyooshe miguu. Mgeni hataki. Keshasukuma makabati yote na mapipa yote, sasa anapapasa ukuta jiwe kwa jiwe, uso umemng'aa. Anasema miaka mingi hajakutana na fumbo gumu hivi, na mtu asithubutu kumwonyesha jibu. Bosi kavimba kichwa. Kamwambia hapo ndipo ulipo ufundi wetu.

Wifi kanishika mkono chini ya meza, ananibana mpaka vidole vinauma. Angalau hajaninunia.

Bosi kausogeza mkataba karibu na mgeni, na kalamu juu yake. Mgeni kausukuma kando bila kuutazama. Anasema atasaini akishatoka ghalani.